Ngumi za Alfajiri

Jumapili ya tarehe 4 Mei 2025 niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikajipikia chai ya rangi, nikajibanza kwenye kochi na simu mkononi, sauti nimeipunguza ili nisiwaamshe wa chumbani. Saúl "Canelo" Álvarez wa Meksiko alikuwa anazichapa na William Scull, Mcuba ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja. Walikuwa Riyadh, Saudi Arabia, wakigombea mikanda yote minne ya ubingwa wa dunia ya uzito wa super-middle.

Kilichonichekesha kabla hata kengele haijalia ni muda wenyewe. Riyadh na Dar es Salaam saa zetu ni zile zile. Walipoingia ulingoni ilikuwa kama saa kumi na mbili asubuhi, kwangu na kwao. Mimi nilikuwa na kisingizio: niko mbali, natazama cha watu. Lakini wale waliokuwa mle ukumbini walikuwa wenyeji. Pambano limeletwa mlangoni kwao kwa fedha za nchi yao, na bado wamekesha kama walinzi. Sababu yake haina fumbo. Meksiko na Marekani ilikuwa bado Jumamosi usiku, na wanaonunua mapambano ya Canelo wako huko.

Kisha kengele ikalia, nami nikatamani ningelala. Scull alikuwa anakimbia. Canelo alimfuata kwa hatua za mtu anayekwenda kisimani huku akijua foleni ni ndefu. Kampuni ya CompuBox, ambayo kazi yake ni kuhesabu ngumi, ilitoa hesabu baadaye: kwa raundi zote 12, wawili hao walirusha ngumi 445, chache kuliko pambano lolote la raundi 12 ambalo kampuni hiyo imewahi kulihesabu hadi mwisho. Canelo peke yake alirusha 152. Gawanya kwa 12, hazifiki 13 kwa raundi. Zilizompata mwenzake zilikuwa 56. Fundi anayepiga plasta nyumba ya jirani yangu anarusha mkono mara nyingi zaidi ya hapo kabla ya chai ya saa nne.

Mke wangu alipotoka chumbani akauliza nani kashinda. Nikamwambia, "Wewe uliyelala."

Asubuhi ile imenikaa kichwani kuliko mapambano mengi mazuri niliyoyaona, kwa sababu watu wa rika la baba yangu nao walikuwa na alfajiri yao. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walikutana Kinshasa, kama saa kumi alfajiri kwa saa za kule. Kwetu Afrika Mashariki kulikuwa kunakucha, na baba alinisimulia mara nyingi jinsi walivyoizunguka redio ya mkulima moja, vikombe vya uji mkononi, kila mmoja akimnyamazisha mwenzake. Uwanja wa Mei 20 ulijaa watu wapatao 60,000. Serikali ya Mobutu ilikuwa imetoa dola milioni 10, tano kwa kila bondia, kiasi ambacho ulimwengu wa ngumi ulikuwa haujawahi kukiona. Lakini saa ya pambano haikupangwa na Mobutu. Ilipangwa na kumbi za sinema za Marekani, ambako watu walikata tiketi kuliona kwa njia ya setilaiti, na kwao ilikuwa bado Jumanne usiku.

Miaka hamsini baadaye ni yale yale. Mwenyeji analipa ili aonekane, anayetazama ndiye anayeambiwa achague saa.

Ila lile la Kinshasa lilikuwa pambano! Ali, miaka 32, alijiegemeza kwenye kamba akamwacha Foreman wa miaka 25 ajimalize mwenyewe, na raundi ya 8 akamwangusha. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba saa mbaya huharibu ngumi, wala kwamba fedha nyingi lazima zizae pambano bovu. Pale Kinshasa fedha zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia, na watu walipata thamani yake. Nilichokuja kukiona baada ya miaka ya kukesha ni kwamba yapo maswali mawili tu ya kuwauliza wenye televisheni. La kwanza, bondia huyu mnamlipa ampige yule, au mnamlipa aonekane? La pili ni dogo, lakini ndilo lililonifikia mimi mwenyewe mwilini: kengele inagongwa na nani?

Nianze na hilo dogo.

Miaka fulani nilikuwa nafanya vibarua na kikosi kimoja cha kurusha matangazo. Nisikuze mambo, nilikuwa mvuta nyaya. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha waya wa kamera ya chini haumtegi refa. Usiku mmoja, bondia wa pambano kuu alianza kupasha kwenye kichumba cha nyuma saa nne na nusu. Kocha kavaa pedi, wanagonga, jasho linamtiririka, vizuri kabisa. Watu wa ngumi wanajua kwamba bondia anatakiwa apande ulingoni akiwa tayari ameloa, misuli imelainika, maana asiyepasha huliwa raundi ya kwanza. Alipokuwa tayari, mtu aliyevaa spika masikioni akanyoosha kiganja: bado. Kuna matangazo. Kisha bado tena, mgeni rasmi yuko njiani. Kisha bado, pambano la utangulizi lilikwisha mapema mno, na pambano kuu likianza sasa litakwisha kabla ya muda uliolipiwa na mdhamini.

Dakika hamsini. Jasho lilimkaukia mwilini nikiona. Akajifunika taulo, akakaa kwenye kiti cha plastiki, glovu zimeshafungwa kwa tepu, kwa hiyo hata haja ndogo hawezi kwenda bila mtu wa kumfungulia bukta. Kocha akamfuata mtunza muda kumlalamikia. Mtunza muda, mzee wa watu, akamwonyesha kwa kidole yule mwenye spika masikioni. Kengele ilikuwa mezani kwake, ila haikuwa yake.

Bondia wetu aliangushwa dakika ya pili ya raundi ya kwanza. Huenda angepigwa tu, mpinzani alikuwa mzuri. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile taulo.

Tangu usiku huo nimekuwa naangalia ngumi kama mtu aliyeingia jikoni hotelini. Naona vitu. Kwa mfano, kwa nini raundi 12? Mwaka 1982, tarehe 13 Novemba, Ray Mancini alipigana na Mkorea Duk Koo Kim huko Las Vegas, mubashara kwenye CBS, televisheni ya bure ambayo watoto pia walikuwa wanaitazama. Kim alianguka raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Baraza la WBC, mojawapo ya yale yanayotoa mikanda ya dunia, likapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mabaraza mengine yakafuata miaka iliyofuata. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na siibishii, maana kijana wa watu alikufa. Lakini piga hesabu. Raundi 15 pamoja na mapumziko yake ni dakika 59. Raundi 12 ni dakika 47, na hapo unabaki na nafasi ya kuwatambulisha mabondia, kuimba nyimbo za taifa, kuuza bia na kumhoji mshindi, yote ndani ya saa moja. Usalama na ratiba walikaa benchi moja bila kusukumana.

Mapenzi ya televisheni na ngumi ni ya zamani, na ukitazama utaelewa kwa nini. Ulingo ni mdogo, una taa, wamo watu wawili na refa, kamera moja inatosha. Na kila baada ya dakika tatu kuna dakika moja ya kukaa kimya, utadhani mchezo uliumbwa kwa ajili ya matangazo. Marekani ya miaka ya 1940 na 1950 iliuziwa nyembe za Gillette kwa njia hiyo, Ijumaa hadi Ijumaa, mpaka NBC ilipoachana na ngumi mwaka 1960. Kabla ya hapo bondia alikula mlangoni: kiingilio kikikusanywa, naye anapata sehemu yake, asipopigana, hali. Ndiyo maana Februari 1943 Sugar Ray Robinson alipigwa na Jake LaMotta tarehe 5, akapigana na mtu mwingine tarehe 19, na tarehe 26 akarudiana na LaMotta na kushinda. Wiki tatu! Leo bingwa aliyepigwa anahitaji wiki tatu kuchagua wakili.

Televisheni ilipoingia sebuleni, vilabu vidogo vikaanza kufungwa, kwani nani atoe kiingilio wakati Ijumaa anaona bure? Hasara haikuwa ya wenye vilabu peke yao. Kule ndiko vijana walikojifunza kupigwa, na kupigwa ni somo katika ngumi kama kuzama maji ya kifua kwa mvuvi. Badala yao wakaja vijana waliokomaa mbele ya kamera. Chuck Davey alikuwa wa aina hiyo: msomi wa chuo kikuu, anatumia mkono wa kushoto, ana sura ya kupendeza, hajapoteza. Watazamaji walimpenda. Tarehe 11 Februari 1953, Chicago, wakampandisha kwa Kid Gavilán wa Kuba, bingwa aliyekulia kwenye ngumi zisizo na huruma. Gavilán alimchezea kama paka na panya, akamwangusha, akamwangusha tena, raundi ya 10 ikawa basi. Nikisoma habari za Davey huwa simcheki. Watu wazima walijua kilicho mbele yake, na walikuwa wameshauza nafasi za matangazo.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile sifuri. Wapenzi wa ngumi mnaijua: 30–0, 40–0, 50–0, yaani kashinda yote, hajapoteza hata moja. Kwa mlango wa zamani sifuri haikuwa na bei kubwa. Robinson alipoteza mapambano 19 na hakuna anayeuliza kama alikuwa bora. Kwa mwenye televisheni sifuri ni bidhaa, unaiandika kwenye tangazo na mtu asiyejua chochote kuhusu ngumi anaielewa. Ukishakuwa na bidhaa unailinda. Unaitafutia wapinzani wa kuipamba.

Kisha wakaja wenye vituo vya kulipia, HBO na Showtime, na tatizo likabadilika sura. Kila kituo kikamfunga bondia wake kwa mkataba, na mabingwa wawili wa uzito mmoja wakawa kama wake wenza wasioamkiana. Lennox Lewis alikuwa wa HBO, Mike Tyson wa Showtime. Walikutana Juni 2002 mjini Memphis, vituo vyote viwili vikishirikiana, Tyson akiwa amebakiza wiki chache kufikisha miaka 36 na akiwa kivuli cha Tyson. Lewis alimmaliza raundi ya 8. Fedha zilikuwa nyingi, na hakuna aliyejifunza kitu, au labda walijifunza vizuri mno: ukichelewesha, bei inapanda.

Nakumbuka lile la Mayweather na Pacquiao. Watu walianza kulidai mwaka 2009. Lilipofika, tarehe 2 Mei 2015 kwa saa za Las Vegas, Floyd Mayweather alikuwa na miaka 38 na Manny Pacquiao 36. Kwetu ilikuwa Jumapili ya tarehe 3, kama saa moja asubuhi. Nilikwenda kibanda umiza cha mtaani, kiingilio shilingi elfu moja, na nisiulizwe king'amuzi kile kilikuwa kimelipiwaje. Humo ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Bodaboda, wauza mitumba waliokuwa wanaelekea sokoni, kaka mmoja aliyeaga kwao kwamba anakwenda misa ya kwanza. Pacquiao alikuwa mtu wetu, sijui kwa nini, labda kwa sababu alitokea kwenye umaskini na tunajua harufu yake. Marekani watu walikuwa wanalipa karibu dola 100 kwa nyumba moja, wakanunua milioni 4.6, mapato yakapita dola milioni 400.

Raundi ya 6 watu wakaanza kutoka. Raundi ya 9 muuza chapati aliyekuwa mlangoni alikuwa anapata wateja wengi kuliko pambano. Yule wa misa alikaa mpaka mwisho, nadhani alikuwa anaogopa kurudi nyumbani mapema. Pacquiao akasema baadaye kwamba bega lilikuwa linamsumbua.

Niseme ukweli wangu hapa, maana kibandani nilizomewa nilipousema: Mayweather ni fundi. Lile bega lake la kushoto analolinyanyua kidogo ngumi ikateleza kama maji kwenye jani la mgomba, mimi naweza kulitazama mchana kutwa. Sikuona ubovu kwake. Ubovu ulikuwa kwenye miaka ile mitano na ushee. Mapambano kati ya watu wawili yana msimu wake kama maembe. Ukiyaweka ghalani ili bei ipande utauza, ila utakuwa umeuza kitu kingine.

HBO ilifunga duka la ngumi mwaka 2018, Showtime mwaka 2023. Katikati yao ikaja DAZN, kampuni ya kurusha michezo kwa intaneti, na Oktoba 2018 ikampa Canelo mkataba wa dola milioni 365 kwa mapambano 11. Mkataba huo haukufika mwisho, Canelo aliwashtaki wakaachana mwaka 2020, lakini ulionyesha biashara imefika wapi. Mtu anapewa bei ya mapambano 11 kabla hajajulikana atapigana na nani. Ukifanya hivyo kwa fundi ujenzi, yaani umlipe nyumba nzima kabla ya msingi, kila mtu mtaani atakucheka.

Sasa ninarudi Riyadh, kwa sababu ni rahisi mno kuwalaumu Waarabu wa mafuta na kwenda kulala. Mimi nimewashukuru pia. Uzito wa juu haukuwa na bingwa mmoja wa mikanda yote tangu Lewis alipompiga Evander Holyfield mwaka 1999, mpaka Oleksandr Usyk alipompiga Tyson Fury huko Riyadh tarehe 18 Mei 2024. Miaka ishirini na tano kasoro! Artur Beterbiev alikuwa amepigana mara 20 na kuwamaliza wote 20 kwa KO, yaani kabla raundi hazijaisha. Dmitry Bivol naye alikuwa hajapigwa. Walikuwa kwenye uzito mmoja, lakini kila mmoja na promota wake na televisheni yake, na kwa miaka ilionekana watazeeka bila kukutana. Riyadh ikazifunika pande zote mbili kwa fedha. Walikutana Oktoba 2024, wakarudiana Februari 2025, kila mmoja akashinda moja kwa tofauti ndogo ya pointi, na zile raundi 24 nitawaonyesha wajukuu.

Mfuko ndio huo huo. Ulinunua Beterbiev na Bivol, na haikupita miezi mitatu ukanunua Canelo na Scull. Tofauti ninayoiona ni hii. Bivol na Beterbiev hawakuwa nyota wa kujaza viwanja kwa majina. Kitu pekee walichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa kila mmoja kumpiga mwenzake, ndicho walicholipiwa, na ndicho walichokileta. Canelo alinunuliwa kama Canelo. Angeweza kuletewa Scull, au binamu yake Scull, saa ya kupandisha bendera na malipo yangekuwa yale yale. Scull naye kwa upande wake alijua hawezi kushinda, na hakuna aliyemlipa ajaribu kufa. Watu wawili wenye akili timamu walifanya kile walichokuwa wamelipwa kukifanya.

Pambano la Jake Paul, kijana aliyevuma kwa video za YouTube, na Tyson wa miaka 58, lililotazamwa kupitia Netflix na mamilioni ya nyumba Novemba 2024, sitalijadili. Usiku huo huo Katie Taylor na Amanda Serrano walipigana kufa na kupona kabla yao. Aliyelala mapema aliona pambano, aliyevumilia aliona Tyson.

Sasa kuna kundi ambalo halitajwi kwenye mabango, na ndilo linalotuhusu sisi zaidi. Ratiba ya televisheni haikubali shimo. Mtu akiugua, lazima mwingine apandishwe, popote alipo.

Usiku ule wa Februari 2025 wa Bivol na Beterbiev, Daniel Dubois alikuwa apigane na Joseph Parker. Dubois akaugua siku mbili kabla. Wakampigia simu Martin Bakole, Mkongo wa Kananga. Bakole si mtu wa kuokoteza; miezi sita nyuma alikuwa amemwangamiza Mmarekani Jared Anderson huko Los Angeles, raundi ya 5. Lakini hakuwa kambini. Alipanda ndege, akatua Riyadh usiku wa kuamkia siku ya pambano, akapanda ulingoni akiwa na takriban kilo 140. Raundi ya 2 Parker alimwangusha. Shimo lilikuwa limezibwa, ratiba ikaendelea, na watu wakamcheka Bakole kwa tumbo lake. Mimi nilikumbuka taulo.

Lakini kuna simu nyingine, na hiyo ndiyo inayotupa kichaa. Septemba 2018, Birmingham, usiku wa bondia Mwingereza Amir Khan, mubashara Sky Sports. Sam Eggington, kijana wa maeneo yale, bingwa wa zamani wa Uingereza na Ulaya, alihitaji mtu wa kumpamba. Wakamleta kwa taarifa ya muda mfupi Mtanzania wa Tanga ambaye watangazaji hawakuwa wamejua hata namna ya kulitamka jina lake. Mcheza kwao hutunzwa, na kila kitu pale kilikuwa kimepangwa Eggington atunzwe. Hassan Mwakinyo alimtandika raundi ya 2 mpaka refa akaingilia. Siku zilizofuata nchi nzima ilikuwa inacheza klipu ile. Wazee waliokuwa hawajatazama ngumi tangu enzi za Rashid Matumla walikuwa wanakunja mikono vijiweni.

Mwakinyo alirudi Uingereza Septemba 2022, safari hii akiwa na jina, dhidi ya Liam Smith mjini Liverpool. Pambano lilikatishwa raundi ya 4. Mshangao hauji mara mbili kwa mtu yule yule, maana safari ya pili wanakuwa wamekutazama.

Baada ya Birmingham ngumi za hapa nyumbani zilibadilika, na sitakuwa mwizi wa fadhila: televisheni imefanya mema. Nimeona mapambano ya Manzese na Magomeni ambayo bondia alilipwa nauli na supu. Tangu Azam TV ilipoanza kuonyesha vitasa kila mara, mabondia wana mikataba, wana wadhamini kwenye bukta, na mama mzazi anaweza kumwona mwanawe akiwa Lindi. Lakini sheria ile ile ya Canelo ilitufuata. Karim Mandonga, Mtu Kazi, amejaza kumbi kuliko mabondia wenye rekodi mara tatu ya yake, kwa mdomo. Ngumi zake zina majina. Januari 2023 alikwenda Nairobi akampiga Daniel Wanyonyi, na kwa wiki nzima hapakuwa na mwanamichezo maarufu zaidi yake Afrika Mashariki. Nampenda Mandonga, ananichekesha, na ni mwerevu kuliko wanaomcheka. Aliiona bei iko wapi kabla ya wengine. Ila nimekaa na kocha mmoja wa uswahilini akanilalamikia kwamba vijana wake sasa wanafanya mazoezi ya mahojiano. "Kamba hawaruki," aliniambia, "lakini wakipewa maiki utadhani wamebeba mkanda."

Gym ya kocha huyo ni uwa wa nyumba uliofunikwa kwa bati nusu. Gunia moja, tairi mbili, kioo kilichopasuka. Nilikwenda wiki iliyopita kumpelekea kamera yake niliyokuwa nimeiazima. Kulikuwa na kijana wa kama miaka 20, uzito wa kati, anapiga gunia peke yake. Mkono wa kushoto safi sana, unatoka bila kupiga kelele. Nikamwuliza ana mapambano mangapi. Akasema 9, ameshinda 6. Nikamwuliza anapigana lini tena.

"Sijui, bro. Nasubiri simu."

Simu ya nani, nikauliza. Akacheka. Akasema promota mmoja alishawahi kumpigia usiku, kulikuwa na mtu ameumia huko Ulaya, pambano liko Jumamosi. Hakumwuliza uzito wala rekodi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Pasipoti unayo?" Hakuwa nayo. Nafasi akapewa mwingine, ambaye alipigwa raundi ya 3 na kurudi na fedha za kununua kiwanja.

Kwenye msumari, pale wanapotundika glovu, kulikuwa na mfuko mdogo wa nailoni umefungwa fundo. Kijana aliniona nautazama. Akaufungua akanionyesha: pasipoti mpya, kurasa zote tupu. Huja nayo mazoezini kila siku.

Kisha akanirudisha kwenye saa. Kocha amewabadilishia ratiba, akasema, mara mbili kwa wiki wanaamka saa tisa usiku, wanakimbia, wanapigana mazoezi gizani kwa taa ya simu. Nikamwuliza kocha ni kwa nini. Alikuwa anakagua lenzi ya kamera yake kama nimeikwaruza.

"Mwili uzoee," akasema. "Huko wanapigana hiyo saa."